Umeachiwa nyumba kongwe ya mawe Lamu? Isome kwanza, fundi aje baadaye

Hii naiandikia wenzangu mlioachiwa nyumba ya mawe mjini Lamu na hamjui muanzie wapi, ama mnataka kununua na dalali ashawaambia "hii ni ya miaka mia tano" (ukimsikiliza dalali hakuna nyumba changa Lamu). Yetu iko mtaa wa Mkomani, ilikuwa ya nyanya yangu mzaa mama, na kosa letu tulilifanya siku ile ile ya kwanza, tulimwita fundi kabla sisi wenyewe hatujaiangalia. Alikuja kijana na nyundo, akagonga ukuta wa msana (ule ukumbi mrefu mwembamba wa ndani) kuona kama plasta imeshika, ikaanguka kipande kikubwa kama sinia, na nyuma yake pakatokea ukingo wa nakshi ya chokaa ambao nyumba nzima hakuna aliyekuwa anajua kama upo. Nusu ya nakshi ilishaondoka na nyundo. Mamkubwa alikaa kimya, akaokota vipande akavitia kwenye leso, mpaka leo anavyo.

Kwa hivyo kabla ya yote zunguka nyumba wewe mwenyewe, siku mbili tatu, na usiguse kitu. Unahitaji tochi, tepu ya kupimia, msumari, bisibisi nyembamba, daftari na simu ya kupigia picha, basi. Tochi usiielekeze ukutani uso kwa uso, ilaze ubavuni mwa ukuta ili mwanga upite juu juu, hapo utaona vitu ambavyo mchana huvioni kabisa: mlango uliozibwa, kidaka (kishubaka cha ukutani, vikiwa vingi tunaita zidaka) kilichojazwa mawe, mahali plasta mpya ilipokutana na ya zamani. Fanya usiku, stima zikiwa zimezimwa. Jirani watakuona umepagawa, waache.

Halafu pima upana wa kila chumba. Nyumba ya kale ya Lamu vyumba vyake ni virefu na vyembamba, na sababu si mitindo, ni miti. Dari limebebwa na boriti za mikoko, unene wake kama sentimita 12, na boriti ikizidi kama mita tatu inaanza kulegea chini ya ule mzigo wa mawe na chokaa ulioko juu yake. Ndio maana chumba kinaweza kuwa na urefu wa mita nane ama zaidi lakini upana wake haufiki hata mita tatu. Na mikoko hiyo hiyo ndiyo majahazi yalikuwa yanabeba kupeleka Uarabuni kwenye nchi zisizo na miti, mpaka serikali ikapiga marufuku kuuza nje mwaka 1982. Sasa ukikuta chumba cha mita nne na nusu kwa nne na nusu na dari halina hata boriti moja, usidanganywe, hapo palivunjwa ukuta pakamwagwa slabu ya simiti na nondo, hata kama zidaka za ukutani zinaonekana za kale.

Baada ya upana, fuata mpangilio. Hapa ndipo nyumba inaposema sana. Nyumba ya zamani unaingia dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, pale penye baraza mbili za mawe, wageni wa haraka waliishia hapo. Unapita tekani, njia inakata kona makusudi ili mtu aliye mlangoni asione ndani, ndio unatokea kiwandani, uwanja ulio wazi juu. Sabule, chumba cha mgeni wa kiume, iko upande wa mlangoni ili asipite kwa wanawake. Kutoka kiwandani unaingia msana wa tini (wa chini), halafu msana wa yuu (wa juu), halafu chumba chenyewe kinachoitwa ndani, na kila ukisogea sakafu inapanda kidogo, kidaraja kimoja kimoja, kwa sababu kadri unavyoingia ndivyo heshima inavyozidi. Ndani kabisa ndiko kwenye ukuta wa zidaka, ndiko bibi arusi alikokaa, ndiko watu walikozaliwa na kuoshewa maiti. Na angalia upande, misana mingi ya kale imefunguka kaskazini, na kwetu hapa kaskazini ndiko kibla.

Sasa tembea na mpangilio huu kichwani uone umekatika wapi. Kwetu sakafu ilikuwa inapanda vizuri mpaka msana wa yuu, halafu ikashuka! Sakafu ya ndani ilikuwa chini kuliko ya msana. Tulijiuliza weee, kumbe kuna mtu miaka ya nyuma alimwaga simiti juu ya sakafu ya msana, sentimita kumi nzima, ili aweke tailsi, na chumba cha ndani akakiacha maana pesa zilimwishia. Hiyo simiti ya sentimita kumi ilikuwa imekaa juu ya boriti za dari la chini miaka yote hiyo, na boriti zilikuwa zimepinda kama upinde, tukidhani ni uzee tu.

Kitu kingine, waulize wazee wa nyumba kabla hujachora ramani yoyote. Ghorofani kwetu kulikuwa na ukuta unaolia tofauti ukiugonga kwa vidole, na tochi ilionyesha umbo la mlango. Nikamuuliza mamkubwa.

"Hapo palikuwa na wikio, mwanangu. Upande wa pili ni kwa nduguye nyanyako. Waliteta."

"Kwa nini mamkubwa?"

"Wewe andika wikio. Ya kwa nini hayajengi nyumba."

Kwa asiyejua, wikio ni chumba ama kivuko kinachopita juu ya kichochoro, kinaunganisha nyumba mbili za jamaa. Lamu baba akijaliwa alimpa binti nyumba akiolewa, mara nyingi ubavuni ama juu ya ile ya mama, kwa hivyo nyumba zikawa zinaota kama matawi na wanawake wanatembeleana bila kushuka njiani. Ndiyo maana usije ukabomoa ukuta wa ghorofani kwa kudhani ni wako peke yako, unaweza kukuta boriti za jirani zimelala juu yake. Hiyo kesi haiishi.

Sasa kuta zenyewe. Ukuta wa kale ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita hivi. Mawe ya kawaida yanachimbwa nchi kavu, mengi mpaka leo yanatoka Maweni kule kisiwa cha Manda, na yale laini ya kuchonga yalikuwa yanakatwa baharini yakiwa bado mabichi. Chukua msumari ukwangue mahali pa siri, nyuma ya mlango hivi. Chokaa inatoa unga mweupe na inakatika kwa urahisi, simiti ni ya kijivu, ngumu, na msumari unalia. Ukikwangua polepole kwa ncha ya kisu utasoma rangi moja moja kama vitunguu: kwetu juu kulikuwa na rangi ya mafuta ya kijani ya hospitali, chini yake rangi ya maji, chini yake chokaa iliyotiwa nili ikawa buluu ya kupauka, halafu chokaa nyeupe juu ya nyeupe juu ya nyeupe, sikuweza hata kuhesabu, halafu ndio plasta yenyewe, laini, inang'aa kidogo kama ganda la yai. Zile nyeupe nyingi ndizo miaka ya amani. Nyumba ilikuwa inapakwa chokaa kila mara, hakuna zaidi, na ikasimama.

Nakshi za zidaka nazo zina siri yake. Za kale zilikatwa kwa kisu chokaa ikiwa bado haijakauka, kwa hivyo ukizipapasa hakuna mbili zinazolingana kamili, mkono wa mtu unausikia. Zile zilizotengenezwa juzi kwa simiti zote ni pacha, na kona zake zinakata kidole. Si kwamba ni mbaya, kuna mafundi Lamu wanajua kuzikata za chokaa mpaka leo vizuri sana, ila ujue unalipia nini.

Kuhusu umri, mji wenyewe ni wa zamani kweli, Msikiti wa Pwani unahesabiwa ni wa 1370, lakini nyumba za mawe zilizosimama leo nyingi ni za karne ya 18 na ya 19. Zile za zidaka nyingi na misana miwili ni za wakati Lamu ina pesa, miaka ya 1700 mpaka kwenye vita vya Shela, Lamu ilipowashinda Pate na Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1800. Baada ya hapo Waomani wakaingia, Ngome ikajengwa kuanzia 1813 mpaka 1821, na polepole ukaja mtindo mwingine, maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi kwenye Usita wa Mui (barabara kuu ya mji), nyumba za kuangalia bahari zenye veranda na nguzo kule ufukoni. Kwa hivyo veranda ukiiona imebandikwa mbele ya nyumba yenye misana, hiyo ni nyumba mbili za nyakati mbili. Halafu utumwa ukafutwa Kenya 1907, na tusifichane, nyumba hizi kubwa zilijengwa na kuendeshwa kwa mikono ya watumwa, mashamba ya bara yakafa, pesa ikakauka, na nyumba nyingi zikaachwa zianguke. Magofu unayoyaona katikati ya mitaa mengi ni ya kipindi kile. Halafu watalii, halafu simiti, halafu wageni wa kununua. Mji ukaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001.

Niwape kisa kidogo hapa. Kuna mzee wa Kiingereza alikuwa amepanga nyumba ya jirani, akasikia tunagonga akaja kuchungulia, akaona plasta ya simiti iliyovimba akatikisa kichwa, akasema, "Hata kwangu." Kwao Uingereza ana nyumba ya shamba, jimbo la Suffolk, ya mababu wa watu wengine, yeye alinunua. Sasa nikamwambia nieleze imejengwaje na nilibaki nacheka, kwa sababu ni mbao za mwaloni zimeunganishwa kama fremu, na katikati yake fito zilizosukwa na kukandikwa udongo. Yaani nyumba ya udongo ya kwetu bara, ila juu yake plasta ya chokaa, na kule Suffolk wanapenda kuipaka rangi ya waridi! Mwanzoni nyumba kama hizo zilikuwa na ukumbi mmoja wazi mpaka paani, moto unawashwa katikati ya sakafu, moshi utajijua wenyewe. Karne ya 16 na ya 17 ndio watu wakaanza kuziingizia dohani la matofali na kuweka dari ili wapate ghorofa. Kwa hivyo unaisomaje? Unapanda darini na tochi unatafuta masizi. Mbao za paa zikiwa nyeusi kwa moshi, basi hapo chini palikuwa na ukumbi wa moto wazi, hata kama leo pana vyumba vitatu na bafu. Kwenye viungo vya mbao mafundi wa kale waliwachia alama, namba za Kirumi zilizochongwa, ili wakija kusimamisha fremu wajue kipi kinaingia kipi, na namba zikirukwa ujue kuna mbao imebadilishwa. Nyingine karne ya 18 zilibandikwa uso wa matofali ili zionekane za kisasa, kama tu sisi na veranda.

Na ugonjwa wake ni ule ule. Mtu aliyemtangulia aliona chokaa inamwaga unga, akapaka simiti nje nyumba nzima. Simiti ikapasuka nyufa nyembamba, maji yakaingia kwenye nyufa, kutoka yakashindwa, mwaloni wa chini uliokaa karne na karne ukawa unamomonyoka kwa kijiko ndani ya miaka michache. Alivyosema kijiko alionyesha kwa mkono kabisa.

Sasa kwetu Lamu ongeza chumvi. Mawe ya matumbawe yana chumvi na yanavuta unyevu kutoka chini, chokaa inauachia upumue nje, simiti inaufungia ndani, basi unapanda juu mpaka unafika vichwa vya boriti. Dalili utaiona: ukuta chini mkavu na umepakwa vizuri, juu kule usawa wa mita mbili ndio unamwaga unga na rangi inabanduka. Ukitaka uhakika bandika karatasi ya nailoni ukutani, kama futi moja kwa moja, funga pande zote kwa tepu, iache siku mbili. Jasho likiwa upande wa ukuta, maji yako ndani, usipoteze pesa ya rangi.

Boriti zikague kwa bisibisi, na usidunge katikati, dunga kule kichwani inapoingia ukutani, kwa sababu huko ndiko kunakooza kwanza. Ikiingia kirahisi kama kwenye keki, weka alama ya chaki. Gonga pia kwa mpini, iliyoliwa na mchwa inalia ngoma. Boriti moja moja si balaa, unaweka nguzo za kutegemeza pande zote mbili kwanza, ndio unatoa mbovu unaingiza mpya, moja moja, usikubali fundi atoe tano kwa mpigo ili amalize Ijumaa. Mpya hakikisha zimetoka kwa mkataji mwenye kibali, mikoko haikatwi ovyo.

Kabla ya kazi yenyewe kuna karatasi. Mji wa kale unalindwa, kwa hivyo kubadilisha chochote cha maana unapitia kaunti na ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa. Nenda na zile picha na vipimo vyako, utashangaa jinsi mazungumzo yanavyokuwa mafupi mtu akiona umeisoma nyumba.

Mpangilio wa kazi: maji kwanza, kila kitu kingine baadaye. Panda paani, angalia milizamu (mifereji ya kutoa maji ya mvua) inatema maji mbali na ukuta ama inayarudisha ndani, ziba nyufa kwa chokaa. Angalia tangi. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, na watu wanaliweka katikati ya dari la boriti kisha wanashangaa. Liweke chini, ama juu ya makutano ya kuta mbili nene. Bafu la ghorofani nalo lichunguze vizuri, kwetu bomba lilikuwa linavuja ndani ya ukuta na liliua boriti nne peke yake.

Ndipo utoe simiti. Kwa tindo ndogo na nyundo ndogo, kwa upole, ukisikiliza, maana nyuma yake huenda pana nakshi. Ikigoma sana na inatoka na jiwe, iache hapo kwanza. Ukishaitoa acha ukuta uchi upumue, miezi ikiwezekana, unasugua chumvi kwa brashi kavu inavyotokea. Hapa ndipo ndugu zako watakapoanza maneno, "nyumba mmeivua nguo". Vumilia.

Chokaa nunua iliyoloweshwa na kukaa muda mrefu, kadri ilivyokaa ndivyo inavyokuwa laini kama mtindi mzito. Ikiwa ni ya mawe ya kuchomwa na haijaloweshwa, kaa mbali wakati wa kutia maji, inachemka, na tone moja machoni si mchezo, vaa miwani hata kama fundi anacheka. Changanya chokaa moja kwa mchanga tatu hivi, mchanga uliooshwa usio na chumvi, na ule wa vilima vya Shela usiuguse, maji ya kunywa ya kisiwa yanatoka chini yake. Ukuta ulowanishe kwanza mpaka usinywe tena haraka. Paka nyembamba, sentimita moja haizidi, acha ishike, ndio urudie. Kisha tundika magunia yaliyoloa mbele yake siku kadhaa, kwa sababu chokaa haigandi kwa jua, inaganda kwa hewa polepole, ikikauka mbio itapasuka. Juu yake chokaa ya maji, mipako mitano sita myepesi kama maziwa. Rangi ya mafuta hapana, mimi hapo sibishani na mtu.

Bajeti weka na punda. Gari haliingii vichochoroni, kila jiwe na kila gunia la mchanga linatoka gatini kwa punda, na kifusi kinarudi kwa punda vile vile. Sisi tulisahau kabisa kifusi, kikakaa dakani wiki tatu, baraza haikaliki, wazee wa mtaa walikuwa wanapita wanatoa salamu kwa sauti ya chini.

Msimu nao: masika yakishaisha, Julai mpaka Septemba, kusi bado linavuma na jua si kali, ndio wakati wa plasta. Kaskazi ukuta unakauka mkononi. Lile birika la bafuni, yaani kisima kidogo cha kuwekea maji, usilivunje ukaweka shawa tu, lizibe nyufa, litie maji, na ukipata visamaki vidogo watie humo kama zamani, wanakula viluwiluwi vya mbu. Na mlango wa wikio sisi tumeuacha umezibwa. Tumeupaka chokaa kama ukuta mwingine, ila ukilaza tochi usiku unauona.